Salamu za Julai 4

Ndugu zetu Waswahili mlioko Marekani, majimbo yote: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote. Kamati inawatakia heri ya Sikukuu ya Uhuru, nchi hii ikitimiza miaka 250. Mungu awape afya na riziki.

Mwaka umetuelemea. Kodi ya nyumba imepanda, nyama ya ng'ombe haishikiki. Na mwaka huu jikoni hatakuwepo mzee wetu, yule aliyetufukuza kila tulipotaka kugeuza nyama mapema. Tutamkumbuka moshi utakapoanza. Mungu amrehemu.

Bei ziliwatesa hata wapigania uhuru wa nchi hii, waliopigana na Waingereza. Bunge lao halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, likachapa noti za dola milioni 241 hivi. Kufikia Machi 1780 lilikiri lenyewe kuwa dola 40 za karatasi ni sawa na dola moja ya fedha. Askari wa kawaida, ujira wake dola 6 na theluthi mbili kwa mwezi, alilipwa kwa karatasi hizohizo, tena kwa kuchelewa. Vita vilipokwisha mwaka 1783, wengi walirudi makwao na hati za madai tu, wakawauzia walanguzi kwa bei ya kutupa.

Kuna ujumbe unaosambazwa kila Julai, eti baadhi ya waliotia saini Azimio la Uhuru la 1776 waliteswa mpaka kufa. Acheni kuusambaza. Kati ya wale 56, hakuna. Mmoja wao, Richard Stockton, alifungwa, hilo kweli. Waliokufa kwa maelfu ni watu tusiowajua majina. Kambi ya jeshi lao huko Valley Forge, Pennsylvania, Desemba 1777 hadi Juni 1778, ilipokea askari kama 12,000: watu 12 katika kibanda cha magogo cha futi 14 kwa 16, na siku nyingine chakula ni unga na maji tu, umebanikwa motoni. Karibu 2,000 walikufa, na hapakupiganwa vita. Ilikuwa homa ya matumbo, homa ya chawa na kuhara damu, na vifo vingi vilitokea baridi ikishapungua. Ndui ilidhibitiwa kwa sababu mkuu wa jeshi, Jenerali George Washington, aliamuru askari wachanjwe: ngozi inakwaruzwa, unapakwa usaha wa mgonjwa, unaugua kidogo. Lakini aliyechanjwa aliambukiza wengine, hivyo walitengwa, na kwa siri, adui asijue.

Tena watu karibu nusu milioni walikuwa watumwa siku Azimio linapitishwa. Utumwa haukufutwa nchi nzima hadi 1865.

Kwa hiyo vijana, msituambie kupiga kura ni kupoteza muda. Mlioapa uraia, jiandikisheni. Wazazi, wafundisheni watoto hesabu hii kabla ya kuwanunulia fataki. Mwenye kazi mbili asimcheke asiye nayo hata moja.

Tukutane bustanini saa saba mchana. Nyama ipo, si nyingi. Kila nyumba ije na mfuko wa mkaa.

Heri ya sikukuu.
Kamati