YAH: Ejenti yenu ya AI kukata orodha ya makundi ya vifaa, na tiketi yangu kufungwa nikiwa bado naandika

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Nawaandikia kwa heshima, na naomba hiyo heshima muipokee mapema kabisa maana sina hakika kama itafika mwisho wa barua.

Ejenti yenu, ile programu ya AI inayotufanyia kazi kwenye mfumo, inayaona makundi ya vifaa vya ofisi yetu kupitia zana yenu ya kuorodhesha, na zana hiyo inakata orodha kama vile imemaliza. Niliiambia ejenti iniletee makundi yote, ikaleta 100 kamili, si 99 si 101, yamepangwa kwa alfabeti na la mwisho ni Mapokezi. Chini yake ikaandika bila hata aibu, "Hii ndiyo orodha kamili ya makundi yako." Hivi kweli ofisi gani haina idara hata moja inayoanza na herufi ya baada ya M? Seva hakuna, Stoo hakuna, Uhasibu hakuna, Wafanyakazi wa Mbali hakuna. Na orodha hiyohiyo ndo ikatumika kusukuma apdeti za usalama, ripoti ikasema asilimia 100 ya makundi yamefikiwa, na kweli, yale iliyoyaona iliyafikia yote! Ni sawa na kumtuma mtu ahesabu mbuzi, akachokea njiani, akarudi kukwambia ndo wote. Laptopu za uhasibu zimebaki na tundu wazi huku sisi tumelala usingizi, mpaka mkaguzi akaniuliza mbele ya bosi wangu, seva ziko wapi humu?

Nikaja kwenye chati yenu ya msaada, nikafunguliwa tiketi ya malalamiko. Nikaeleza taratibu, nikaweka skrinshoti, mtu wenu akajibu, "Mfumo unaonyesha orodha yako imekamilika. Tafadhali hakikisha unayafahamu makundi yako." Nayafahamu! Makundi niliyoyaunda mwenyewe moja moja. Nikawa naandika jibu, katikati ya sentensi sehemu ya kuandikia ikageuka kijivu, juu pakatokea neno Imetatuliwa, zikafuata nyota tano eti nipime huduma.

Na kabla hata ya hiyo chati, hili nilipaswa kuanza nalo, nilishaita API yenu (mlango ambao programu hutumia kuomba data kwenye mfumo wenu) mwenyewe kwa mkono. Jibu lina makundi 100 na chini kabisa kuna kiungo cha ukurasa unaofuata, kinaonekana wazi. Kugawa majibu kwa kurasa hakuna anayewalaumu, API nyingi zinafanya hivyo. Ila zana yenu inachukua ukurasa wa kwanza, kiungo inakitupa, majina ndo inampa ejenti. Kwa hiyo tafadhali msiniletee ile habari ya "AI huwa inakosea". Modeli, yaani AI yenyewe, inaona kile tu zana inachoirudishia, ingejuaje kuna ukurasa wa pili? Aliyekosea ni mtu aliyeandika hiyo zana na mwingine aliyeipitisha bila kuijaribu kwa mteja mwenye makundi mengi.

Mkiwa hukohuko angalieni na tokeni (ufunguo wa kuingilia kwenye mfumo) isiyo na ruhusa. API inatoa 403, yaani umekatazwa, vizuri tu, zana inaigeuza kuwa orodha tupu, ejenti inatangaza hakuna kundi lolote. Kunyimwa na kutokuwepo tangu lini vikawa kitu kimoja?

Lakini narudi kwenye ile chati maana ndo inayoniwasha. Yule mtu wenu alikuwa ananishukuru kwa uvumilivu kila baada ya mstari, asante kwa uvumilivu wako, asante kwa uvumilivu wako, na kiungo hajakiuliza hata mara moja. Mimi nimeshabandika jibu zima la API, ushahidi wote upo pale, anasema nihakikishe nayafahamu makundi yangu, nami nikiwa katikati ya kumjibu paap, kijivu. Nilichoandika chote kikapotea. Nikifungua tiketi mpya naambiwa ipo inayofanana nayo na imeshatatuliwa. Imetatuliwa na nani jamani?

Ninachotaka ni mfungue tiketi yangu na mrekebishe zana ifuate kurasa mpaka ya mwisho, na ikishindwa njiani iseme imesoma mangapi na kwamba yapo mengine. Pia nataka barua rasmi kwa bosi wangu na kwa mkaguzi, inayosema ripoti ile ilikuwa pungufu kwa sababu yenu. Na kwa kweli nikifikiria zaidi, hela yote tuliyolipia hiyo huduma ya ejenti irudi, yote, siyo punguzo la mwezi ujao. Na wateja wengine wote waliowahi kupewa orodha ya 100 kamili muwaambie, maana wapo wanaoamini hivi sasa kwamba vifaa vyao viko salama.

Mwisho wa mwezi huu ukipita kimya, tokeni ya ejenti naifuta, mkataba hatuongezi, na barua hii pamoja na skrinshoti za chati inaenda kwa mwanasheria wetu na kwa kila msimamizi wa mifumo ninayemfahamu. Na jibu nataka la mtu mwenye jina na cheo. Likija lile la "asante kwa uvumilivu wako" naanza na mwanasheria siku hiyohiyo.

Msimamizi wa mifumo,
mteja wenu kwa sasa