Kwa madiwani vijana mnaotamani umeya

Wanangu,

Nimesikia mnagawana vyeo na viti vyenu bado havijapata joto. Huyu meya, yule naibu, mwingine mipango miji. Kutamani si dhambi. Ila kabla hamjachapisha mabango, mtazameni Hazel McCallion wa Kanada, aliyekuwa meya wa Mississauga, mji ulio ubavuni mwa Toronto, tangu 1978 hadi 2014. Aliachia kiti akiwa na miaka 93.

Ujanani alicheza mpira wa magongo barafuni kwa dola 5 kwa mechi. Baadaye akaongoza Streetsville, mji mdogo uliomezwa na Mississauga mwaka 1974. Yeye alipinga sana. Haikupita miaka mitano, akawa meya wa mji uleule uliowameza!

Usiku wa 10 Novemba 1979, hajatimiza mwaka kitini, treni ya mizigo iliacha reli mjini mwake. Beringi, chuma kinachoshika mhimili wa gurudumu, ilikosa mafuta ikapata moto, gurudumu likachomoka. Matangi ya propani, gesi inayowaka upesi, yakalipuka, na tangi la klorini, gesi ya sumu, likaanza kuvuja. Zaidi ya watu 200,000 walihamishwa, wagonjwa waliolazwa wakiwemo, na hakufa hata mmoja. Katika pilikapilika hizo meya aliteguka mguu, lakini aliendelea kwenda huku na kule akichechemea, akiwaeleza watu hali ilivyo. Wakampenda tangu hapo. Chaguzi za mwisho hata kampeni hakufanya.

Sasa upande ambao nyinyi huwa mnauruka. Mji wa kando ya jiji huishi kwa ardhi. Mwenye kampuni akijenga mtaa mpya hulipa ada, na ada hiyo hujenga barabara na maktaba. Kwa miaka mingi Mississauga haikuwa na deni, na kodi ya majengo ilikuwa nafuu. Nani asingeshangilia? Lakini viwanja vitupu vilipoadimika, ada zikapungua, na barabara zile zilizopatikana kwa fedha ya wajenzi zikaanza kudai ukarabati. Kabla bibi hajaondoka, mji ulikuwa umerudi kukopa. Nilipokuwa karani wa baraza niliona jambo hilihili kwa udogo wake: fungu la kujenga hupigiwa makofi, fungu la kuziba mashimo huahirishwa hadi kikao kijacho. Na kijacho. Na kijacho.

Halafu kuna mtoto. Mwanawe alikuwa na maslahi katika mradi wa hoteli katikati ya mji. Mama alitangaza maslahi ndani ya baraza, yaani alikiri kwamba jambo hilo linamgusa, ila nje ya ukumbi akaendelea kuusukuma mradi. Jaji aliyeongoza uchunguzi alitoa taarifa mwaka 2011 na kusema mgongano wa maslahi ulikuwepo. Mwaka 2013 mahakama iliitupa kesi ya kumng'oa, basi akabaki. Mimi simwiti mwizi. Nasema alikaa mno hadi mji na nyumba yake vikaanza kufanana machoni pake.

Kwa hiyo, kabla ya kikao kijacho, kila mmoja aniandikie majina ya ndugu zake wenye kiwanja, kampuni au maombi yoyote mbele ya baraza. Shemeji naye ni ndugu. Atakayeniletea karatasi tupu, nitaanza naye.

Mzee wenu, karani mstaafu