Mwanangu, kabla hujaondoka kwenda maabara

Mwanangu, meseji yako imefika na nimefurahi sana wamekukubali, mama yako ameshawaambia majirani wote. Ila ile sentensi yako kwamba silikoni ni silikoni tu, utachukua namba moja kwenye jedwali uendelee na hesabu, imeninyima usingizi kabisa.

Silikoni ni fuwele, yaani atomu zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, na mpangilio huo ni wa kyubu. Ukiivuta sambamba na ukingo wa kyubu hiyo ukakamavu wake, yaani inavyokataa kuvutika, ni kama gigapaskali 130, ukiivuta kwenye mshazari wa kona hadi kona ya mbali ni kama 188, na kipande ni kilekile, atomu zilezile. Sasa utaandika ipi? Joto na mwanga kwenye fuwele ya kyubu vinapita sawasawa kila upande, hapo hujakosea, lakini ukakamavu haufuati hivyo. Uliza kwanza fuwele imekaaje na nguvu inatoka upande gani, ndio ushike kalkuleta.

Habari za almasi na grafaiti, kaboni ileile iliyopangika tofauti, sikurudii, hizo unazijua tangu mdogo na ulikuwa unawafundisha wenzako vizuri kuliko mwalimu. Shida yako ni haraka, labda kwa sababu hapa nyumbani tulikuwa tunauliza maksi tu.

Angalia kalisaiti, yale madini ya mawe ya chokaa, ukiipasha moto inatanuka kufuata mhimili wake mkuu na wakati huohuo inasinyaa kidogo upande unaoukata mhimili huo. Namba moja ya kutanuka hapo haina maana yoyote.

Halafu kwatzi, ile fuwele ambayo Pierre na Jacques Curie waliibana mwaka 1880 wakapata chaji ya umeme. Inawezekana kwa sababu muundo wake hauna kitovu cha simetria, yaani nukta ya kati ambayo kila atomu ina pacha wake upande wa pili, kwa hiyo ukiibana chaji chanya na hasi zinasogea bila kufutana, wakati chumvi ya meza ina kitovu na ukiibana namna hiyo hupati chaji. Kati ya makundi 32 ya fuwele yaliyogawanywa kwa simetria, 21 hayana kitovu, na 20 ndiyo yanaweza kutoa umeme yakibanwa. Lile moja lililobaki ndilo nataka ukae nalo mwanangu, ni la kyubu, kitovu halina lakini mizunguko inayoiacha fuwele kama ilivyokuwa ni mingi kiasi kwamba chochote kinachotaka kutokea upande mmoja kinafutwa na mwingine. Ukilielewa hilo hutakariri tena. Na bariamu titaneti ukiipoza chini ya nyuzi 120 hivi, inaacha kuwa kyubu, inarefuka kidogo upande mmoja, atomu ya titani inahama kutoka katikati na chaji zinaegemea upande mmoja. Hakuna atomu hata moja iliyoongezwa, simetria tu ndiyo imepungua.

Kwa hiyo nakuomba tena, mwelekeo kwanza. Sampuli ya kwanza usiikate kabla hujaipiga eksirei ukajua imeelekea wapi, na matokeo unitumie niyaone hata kama uko bize.

Vyeti vyako nimevitoa kopi viko kwenye bahasha kabatini, koti zito usiliache kama safari ile. Mdogo wako anaulizia meza yako ya kusomea, mjibu mwenyewe maana mimi nikisema ndiyo utalalamika. Na mlango wa chumba chako unakwama, fundi anakuja kuutazama, kwa hiyo ukipita hapa maboksi yako yatoe kabisa mlangoni.