YAH: Kutozwa shilingi 50,000 kwa kumpiga picha mama yangu, kisha nyinyi kumtumia kwenye tangazo bila kumuuliza

Meneja,
Mgahawa (jina nimelihifadhi),
Masaki, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni yule mteja wa Jumapili iliyopita, meza ya pembeni kabisa upande wa bahari. Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Pangani.

Siku yenyewe ilikuwa ya picha tangu asubuhi. Mama mara ya mwisho kufika Dar ni kabla ya 2022, Daraja la Tanzanite halijafunguliwa, kwa hiyo watoto waliamua kumtembeza bibi yao mji mzima. Tulianzia Samora kwenye Sanamu ya Askari, tukavuka hilo daraja taratibu bibi akiwa dirishani, tukashuka Coco Beach kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Niliazima kamera ya shemeji yangu kwa sababu mama alitaka picha za kusafisha, za kutundika sebuleni. Za simu, anasema, zinaishia kwenye simu.

Kwenu tulikuja kwa tangazo lenu wenyewe: mgahawa mpya, njoo na familia, piga picha, bahari iko mbele yako. Na sitawadhulumu, mandhari ni nzuri kweli. Dada aliyetuhudumia alimwamkia mama shikamoo kabla hata ya kutoa menyu, na changu wa kukaanga alikuwa mtamu. Pweza wa nazi ndiye aliyetushinda. Mama amekulia pwani, anajua pweza hupigwa kwanza alainike ndipo aingie jikoni. Huyu wenu mama alimtafuna, akatuangalia, akamsogezea mjukuu wake sahani. Hilo nalisema kwa faida ya mpishi tu, silo lililonifanya niandike.

Nilipiga picha kama kumi hivi. Tulipoomba bili, msimamizi wenu akaja na karatasi mbili. Ya kwanza chakula na vinywaji, shilingi 186,000, nikalipa kwa Lipa Namba na kupewa risiti ya EFD. Ya pili imeandikwa kwa kalamu: kamera, 50,000. Nikauliza, hii ni nini? Akanijibu simu ni bure, kamera inalipiwa. Bango liko wapi? Hakuna. Kwenye menyu? Hakuna. Mlinzi aliyeniona naingia na kamera shingoni alinifungulia geti akitabasamu.

Najua zipo sehemu zinazotoza wapiga picha wa harusi na wa matangazo, maana wanakuja na taa na wanafunga nusu ya ukumbi kwa masaa. Mimi nilikuwa nampiga picha mama yangu akinywa maji ya dafu. Lakini watoto walishaanza kusinzia, na mama akaanza kufungua fundo la kanga alipe yeye. Nikaona aibu, nikalipa. Pesa hiyo nilielekezwa kuituma kwenye namba ya simu, na ujumbe uliorudi una jina la mtu, si la mgahawa. Risiti yake sikupewa hadi leo. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" ni maneno ya TRA, basi nami nadai.

Ningeweza kuyaacha yaishe hapo. Ila Jumatano jirani yangu akanitumia picha kutoka kwenye ukurasa wenu. Ni mama! Mkono una kipande cha pweza, binti yangu mdogo kamlalia begani, na juu yao mmeandika "Hata bibi kakubali!" Kumbe yule kijana aliyesimama karibu na kaunta akishika simu hakuwa anaongea na mtu.

Kwanza, bibi hakukubali. Pili, mama ni mtu wa kujitanda, na katika picha hiyo ushungi umeteleza hadi mabegani, nywele zote nje. Ameshapigiwa simu kutoka Pangani akiulizwa ameanza lini kutangaza hoteli. Mimi kumpiga picha mama yangu nimelipia 50,000. Nyinyi mmempiga yeye na mtoto wangu bure, na mnafanyia biashara.

Ninachotaka ni hiki. Picha hiyo iondolewe leo, na popote pengine mlipoiweka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na Tume yake ipo. Sipendi kufika huko kwa ajili ya sahani ya pweza. Elfu hamsini irudi kwenye namba iliyotuma kabla ya Ijumaa ijayo, vinginevyo nitapeleka karatasi yenu ya kalamu na ule ujumbe wa muamala Tume ya Ushindani. Na kama ada ya kamera ni utaratibu wenu kweli na si wa msimamizi peke yake, iandikeni getini kwa herufi kubwa, mtu aamue kabla hajaketi.

Fidia sidai. Nilimuuliza mama kama anataka niwadai, akakataa. Alisema tu, "Si wangeniambia, nikajitanda vizuri."

Wako,
Mteja wa meza ya pembeni.