Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Skuli, Chake Chake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaamu alaykum.

Tunakushukuru kwa kuitika wito wetu. Ile kelele uliyoisikia ulipopita kwenye meza yetu, Mheshimiwa, si hitilafu. Ndiyo kazi yenyewe: bomba tunalolitikisa ili maji ya moto yaliyomo yapoe zaidi.

Sote tunakijua kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi. Makonyo hupikwa kwa mvuke, mvuke ukachukua mafuta, kisha ukapoozwa kwa maji baridi hadi ugeuke majimaji. Tukajiuliza: joto linakwama wapi njiani? Bombani halikwami, maana shaba hupitisha joto zaidi ya mara 600 kuliko maji. Linakwama kwenye utando mwembamba wa maji ulionata juu ya bomba. Maji ya mbali yanapita, ya hapo karibu hayendi popote. Mjerumani Ludwig Prandtl aliueleza utando wa namna hii mwaka 1904.

Basi tukaona tulitikise bomba. Tulichukua mota ya feni kukuu la mezani, tukaifunga nati nzito upande mmoja wa mhimili ili izunguke kwa kuyumba, tukaibana kwenye bomba la shaba lililozamishwa ndani ya ndoo ya maji baridi. Maji ya moto yanaingia huku, yanatokea kule. Bomba likitetemeka, utando unavurugika, maji baridi yanasogea mahali pake, na yanayotoka yanakuwa yamepoa zaidi. Ni kama uji: ukiukoroga unapoa upesi.

Hatutaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tulipoyaacha maji ya ndooni yapite kwa kasi, tofauti ilikuwa ndogo mno, kwani mkondo wenyewe ulikwishauvuruga utando. Mtetemo una faida pale maji yanapokwenda polepole au yanapokuwa haba, na wanaokaa Pemba wanajua bomba la maji linavyoweza kudondoka matone. Tena mota inakula umeme, na mtikisiko wa muda mrefu huchosha chuma na kufumua lehemu.

Mheshimiwa, tunaomba mawili: vipimajoto vya kidijitali, kwani tulivyo navyo ni vya kuazima, na utuombee ruhusa tukazione sehemu za kupoozea mvuke pale Wawi. Mota tutakuja nayo wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.