Nazi ndani ya maji ni tui: masahihisho ya chupa za theluji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Kama barua ni ndefu, kateni popote, ila msiguse sehemu ya ganda la yai.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu ukurasa wenu wa familia ulitoa maelekezo ya kutengeneza chupa za theluji za kupambia Krismasi. Ni zile za kioo zenye maji na kisanamu ndani, ukizitikisa vichengachenga vyeupe vinashuka taratibu. Shule zimefungwa, wajukuu wanne wako kwangu hapa Marangu, wawili wao wametangulia kutoka Dar kabla ya wazazi. Nami tangu nistaafu uuguzi, jioni mikono inawasha kwa kukosa kazi. Tukafuata maelekezo yenu neno kwa neno, tukatengeneza chupa sita. Siku ya tano tulizimwaga zote sita migombani.

Nianze na nazi. Mlisema theluji itengenezwe kwa nazi iliyokunwa na kukaushwa. Mhariri, nazi ndani ya maji ni tui, hata mtoto anayetumwa dukani anajua. Siku ya pili maji yalikuwa kama yale ya kuoshea mchele. Siku ya nne kifuniko kilivimba, nilipokifungua kikafyatuka, na mjukuu wangu mdogo akaziba pua akasema, "Bibi, Krismasi inanuka."

Gundi nayo. Kwanza nieleze kisanamu chetu, maana kilileta ubishi wa nusu siku. Mmoja wa Dar alitaka mtu wa theluji mwenye pua ya karoti kama anayemwona kwenye katuni. Binamu yake wa hapa hapa akamjibu kwamba theluji anayoijua yeye haina pua, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya banda la ng'ombe na kumwonyesha Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Basi tukakubaliana ni Kibo. Tukachonga mlima kwenye soli ya kandambili kuukuu, tukaupaka rangi, tukaubandika kwenye kifuniko kwa gundi ya moto, ile ya kuyeyushwa kwa umeme, kama mlivyoelekeza. Asubuhi moja nakuta mlima umeng'oka unaelea, kilele kikiangalia chini. Na siku yenyewe ilikuwa tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru! Mwaka 1961 Alexander Nyirenda aliupeleka Mwenge wa Uhuru mpaka kileleni. Mwaka huu mimi nimeupindua mlima mzima.

Soli ya kandambili kuelea ni kosa letu, nakubali. Lakini gundi ile hushika juu juu tu kwenye bati laini. Ilibanduka kipande kizima, safi, kama gaga la kidonda kilichopona.

Sasa nawaeleza tulivyofanya mara ya pili. Chupa hizi zina siku kumi dirishani na maji yake ni maangavu.

Mlima ni jiwe. Watoto waliokota mtoni vijiwe vyeusi vya volkano, yaani vipande vya mlima wenyewe, tukachagua vyenye ncha. Tuliusugua upande wa chini kwenye ngazi ya saruji mpaka jiwe likakaa bila kuyumba. Theluji ya kileleni ni rangi nyeupe ya kucha ya mama yao mdogo, ambaye hajajua bado. Kifuniko cha chupa ya jamu tulikikwaruza kwa msasa upande wa ndani, tukabandika jiwe kwa araldaiti, ile ya mirija miwili ya kuchanganya. Itandazeni ifunike mkwaruzo wote, la sivyo bati litapata kutu. Halafu iacheni saa 24. Si saa moja kama mlivyoandika. Watoto watalia, waacheni walie.

Maji yachemshwe kwelikweli, yapoe yakiwa yamefunikwa. Maji mabichi yana hewa ndani yake, na ukiyafungia kwenye chupa, kesho yake vipovu vimeusimamia mlima kama upele. Jirani aliniambia nitumie maji ya betri. Ni kweli maji yale ni safi, lakini kuna watu wanaoita hivyo hivyo tindikali ya betri, na mimi nimeshawahi kumwosha macho mtoto aliyecheza nayo. Chemsheni ya bomba.

Kitu ambacho hamkukitaja kabisa ni glisirini. Kila nyumba ya huku kwetu wakati wa baridi ina kichupa cha glisirini ya kupaka mwilini. Wodini tulilainishia nayo midomo ya wagonjwa. Bila glisirini theluji huporomoka kama mchanga uliomwagwa kutoka kwenye tipa. Wekeni glisirini theluthi moja ya chupa na maji theluthi mbili, vichenga vitashuka vikijivuta. Msizidishe sana, maana vitaganda pamoja.

Ganda la yai sasa. Kusanyeni maganda ya mayai meupe, chemsheni dakika kumi, kisha kaeni chini na subira mbandue ule utando wa ndani wote. Utando ukibaki mtarudi kule kwenye Krismasi inayonuka. Anikeni yakauke, yatandazeni juu ya gazeti (nilitumia lenu), mpitishie chupa juu yake kama mnasukuma chapati mpaka yavunjike. Halafu chekecheni kwa chujio la chai. Unga unaopita chini mwageni, huo ndio unaochafua maji. Chenga zinazobaki juu ndizo theluji. Zisuuzeni mara mbili tatu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha chupa moja. Ukimimina zaidi hakuna mlima tena, ni ukungu wa Julai.

Msijaze pomoni. Yetu ya kwanza niliijaza asubuhi kwenye baridi mpaka mdomoni, mchana jua likaipiga, maji yakaanza kupenya kifunikoni. Maji yakipata joto hutanuka, yaachieni nafasi ya povu moja dogo.

Na jua hilo hilo lina jingine. Mwanangu aliwahi kuniletea kutoka safari zake tufe la theluji la dukani, la mviringo kabisa. Nikaliweka dirishani juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe, cha zambarau iliyoiva. Jioni nakuta kitambaa kina kitobo cheusi na kinanukia moshi. Kioo cha mviringo chenye maji hukusanya jua kama lenzi. Ukurasa wenu ulionyesha picha ya chupa juu ya kizingiti cha dirisha linalotazama jua. Ondoeni picha ile. Pia baadhi ya matufe ya dukani yamewahi kukutwa na kimiminika cha kuzuia maji yasigande, ambacho ni sumu, kwa hiyo likivunjika mtoto asilambe vidole.

Habari ya kioo na maji kukusanya mwanga ndiyo iliyozaa vitu hivi, na mimi nilipoisoma nilicheka peke yangu. Mwaka 1900 huko Vienna, Austria, fundi wa vyombo vya upasuaji aitwaye Erwin Perzy alikuwa akitafuta namna ya kuongeza mwanga wa balbu kwa ajili ya madaktari wa upasuaji. Alijua washona viatu huweka tufe la kioo lenye maji mbele ya mshumaa ili mwanga uangukie kwenye kazi. Akajaribu hilo, akatia ndani na chenga za semolina, yaani ngano iliyosagwa kwa chenga, ili mwanga uongezeke. Chumba cha upasuaji hakikupata mwanga wowote wa maana, lakini zile chenga zilivyoshuka zilimkumbusha theluji. Akaweka ndani kisanamu cha kanisa la hija la Mariazell, na ukoo wake unatengeneza matufe hayo Vienna mpaka leo.

Mimi nimesimama chumba cha upasuaji miaka mingi. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, usiku umeme ulikatika mama akiwa tumbo wazi, nikashika tochi kwa mikono miwili mpaka mtoto akatoka, mabega yakauma siku tatu. Kwa hiyo nikimfikiria mzee Perzy na semolina yake, siwezi kumcheka sana.

Kuna waliokwishaandika hapa kwenu kwamba mambo ya theluji ni kuiga Wazungu. Huenda, kwa anayeweka mti wa Ulaya na sungura wa Ulaya. Lakini mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima huu, mwongozaji wake aliiita ile nyeupe ya juu "baridi" tu, neno letu. Rebmann alipoandika kuna theluji karibu na Ikweta, wasomi wa London walimkatalia. Wao ndio hawakuamini. Sisi tulikuwa tunaiona tukikata majani ya ng'ombe.

Mjukuu wa Dar aliniuliza mbona theluji ya chupa inaanguka na ya Kibo imetulia. Nikamwambia na ya Kibo inashuka, ila kwa kuyeyuka. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya kule juu imekwisha. Nilipokuwa msichana, hapo nyuma ya banda, weupe ulishuka chini kuliko sasa. Akachukua kichupa cha rangi ya kucha akaongeza weupe kwenye jiwe lake, mpaka karibu na kifuniko. Nilimwacha.

Maombi yangu ni mawili. Chapisheni masahihisho kabla ya sikukuu, maana kesho na keshokutwa mabasi yanapandisha watu wa kwetu na watoto wao, na nazi zinauzwa kila kituo. Na mnaosoma mkiwa Moshi mjini, msitupe chupa za jamu zenye vifuniko vizima, mimi nazihitaji.

Nitawatumia moja hapo ofisini kwa basi linaloshuka baada ya sikukuu, nimeifunga kwenye majani makavu ya mgomba. Ikifika imevuja iwekeni kwenye sahani, msinirudishie.

Wenu,
Bibi muuguzi mstaafu,
Marangu, Kilimanjaro