Viroba vimerudi kwa sura nyingine

Mhariri,

Nina miaka 71, naishi Kibosho, Moshi. Jioni hupenda kata moja ya mbege, ile pombe ya ndizi na kimea cha ulezi, yenye uchungu wa gome la mti wa msesewe. Tunapokezana wazee, tunabishana siasa, kabla ya giza kila mtu yuko kwake. Hiyo ni starehe, siioni aibu.

Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, Machi 1, 2017, nilishukuru sana. Kijana wa jirani yangu alikuwa akivinunua asubuhi kabla ya chai. Leo naona pombe kali ileile kwenye vichupa vidogo, dukani, hatua chache kutoka shuleni. Inauma! Diwani akija kuomba kura nitamuuliza hilo kwanza, barabara baadaye.

Mzee wa Kibosho, Moshi